Usiiflashi Simu Hiyo

Pale Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, kama ilivyo Kahama, Nyarugusu au Geita mjini, hukumu ya simu inayotapika matangazo hutolewa kabla mwenye simu hajamaliza kueleza shida yake. Fundi anatazama kioo, anaona arifa zimejipanga kama abiria wa basi la asubuhi: mkopo wa papo hapo, mkeka wa uhakika, picha ya msichana nusu uchi, onyo jekundu kwamba simu ina virusi kumi na tatu. "Imeingia virusi hii. Iflashiwe." Aliyesimama pembeni huongeza sehemu ya pili ya hukumu, na safari hii anayehukumiwa ni mwenye simu: ameyataka mwenyewe, nani alimtuma akafungue mambo ya ovyo? Rai hizi mbili zimeishi pamoja muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeziuliza cheti cha ndoa. Wanaozishika wala si watu wa kudharauliwa. Ni mafundi wenye mikono mizuri, walimu, makarani, wanunuzi wa dhahabu. Ninachodai ni kwamba zote mbili si sahihi, na kwamba anayefaidika na makosa hayo ni mtu ambaye hajawahi kufika kwenye duka hilo la simu na hatafika.

Tuanze na chombo chenyewe. Kivinjari ni ile programu inayofungua kurasa za intaneti, na kwenye simu nyingi za Android ni Chrome. Aprili 2015, toleo la 42 la Chrome lilizipa tovuti uwezo ambao hazikuwa nao: kumtumia mtu ujumbe hata baada ya ukurasa kufungwa. Firefox ikafuata Januari 2016. Nia ilikuwa njema; gazeti lingekujulisha habari mpya, tovuti ya michezo ingekuletea bao likiwa bado la moto. Ili tovuti isijitwalie uwezo huo, kikawekwa kizingiti kimoja, kisanduku kidogo kinachouliza kama unaikubalia tovuti fulani ikuonyeshe arifa, chenye vitufe viwili: Ruhusu na Zuia. Ukigusa Ruhusu, kijiprogramu cha tovuti hiyo kinabaki ndani ya kivinjari chako, na kivinjari kinaipa tovuti anwani maalumu ya kukufikia wakati wowote. Tangu hapo tangazo linatoka kwa mtangazaji, linapita katika seva za huduma ya mwenye kivinjari, ambazo kwa Chrome ni za Google, kisha linashuka simuni kwako. Katika safari yote hiyo hakuna kufuli lililovunjwa. Kila mlango umefunguliwa kwa ufunguo wake. Ndiyo maana programu ya kusaka virusi inaweza kuipekua simu nzima isione kitu, kwa sababu kilichomo ni kivinjari kilekile kilichokuja na simu, kinafanya kazi ileile kilichoagizwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mtu anaweza kuniuliza kama huku si kugombania jina tu. Iitwe virusi, iitwe ruhusa, si shida ni ileile? Hapana, maana jina ndilo linaloamua nani atafutwe na dawa gani itumike. Virusi ni ugonjwa, na ugonjwa hauna mshitakiwa. Mtu akiugua malaria hatuendi polisi, tunaenda zahanati. Tukishaita jambo hili virusi, tumekwisha kulitoa katika ulimwengu wa watu wanaotendeana na kulitia katika ulimwengu wa mikosi. Kumbe ruhusa ni mapatano. Yana pande mbili, yana maneno yaliyosemwa kabla ya kukubaliana, na palipo na mapatano panaweza kuwapo udanganyifu, na palipo na udanganyifu yupo aliyedanganya. Jambo la pili, ruhusa hutenguliwa na aliyeitoa, bila fundi, bila kebo, bila kompyuta.

Dawa ya kuflashi, kwa upande wake, ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu mgeni mmoja hataki kuondoka. Kuflashi ni kufuta mfumo wote wa simu na kuupandikiza upya. Arifa zitakoma, ndiyo, maana hata kivinjari chenyewe kimeondoka na kila kilichokuwamo. Zimeondoka pia picha, namba ambazo hazikuhifadhiwa kwenye laini, meseji za makubaliano ya biashara na sauti za watu waliokwisha kufa. Kwa mnunuzi mdogo wa dhahabu ambaye daftari lake la madeni ni mazungumzo ya WhatsApp, hasara hiyo haipimwi kwa bei ya fundi. Kisha kuna mtego mwingine ambao wengi huujua wakiwa wamekwisha kunaswa: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zikifutwa bila utaratibu huwaka zikidai akaunti ya Google iliyokuwamo awali. Kinga hiyo iliwekwa dhidi ya wezi. Lakini mtu ambaye akaunti yake alifunguliwa na muuza simu miaka mitatu iliyopita hajui anwani wala nywila, na simu yake halali inageuka kuwa jiwe mpaka alipe tena, mara hii kwa ajili ya kutolewa kufuli la Google. Na baada ya hayo yote, siku atakayorudi kwenye tovuti ileile ya muvi, kisanduku kilekile kitamngojea, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kilichotokea mara ya kwanza.

Najua pingamizi kubwa hapa, nalo ni la haki: programu hasidi za kweli zipo. Zipo, na Afrika imezionja vibaya kuliko mabara mengi. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza ilichokuta katika simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini: zilikuwa zimetoka na programu hasidi ziitwazo Triada na xHelper, zikimaliza bando na kuwaandikisha watu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Upstream ilihesabu miamala ya kutilia shaka milioni 19.2 kutoka katika simu zaidi ya laki mbili. Transsion, wenye chapa hiyo, walimtupia lawama mgavi mmoja katika mnyororo wa ugavi, bila kumtaja jina. Hata duka rasmi la programu si salama kabisa, kwani Februari 2020 Google iliondoa humo programu karibu 600 kwa sababu ya matangazo ya kuvuruga. Sasa, ushahidi huu unaisaidia rai ya fundi? Kwa maoni yangu unaidhoofisha. xHelper ilijulikana dunia nzima kwa tabia moja: kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hakukuiondoa, ilirudi yenyewe. Ikiwa uovu umepachikwa ndani ya mfumo tangu simu inafungwa kwenye boksi, fundi anayepandikiza mfumo uleule anaupandikiza na ugonjwa wake. Na hapa pia mwenye simu hakuruhusu chochote wala hakutembelea uchafu wowote. Alinunua simu tu. Kwa hiyo kesi ya programu hasidi nayo inadai kile kile ninachodai: kwanza ijulikane tangazo linatoka wapi. Kujua si kazi ya uganga. Arifa ya tovuti hubeba jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyoituma, kwa herufi ndogo ambazo wengi huzipita. Tangazo linaloziba kioo kizima hata kivinjari kikiwa kimefungwa mara nyingi ni la programu iliyopewa ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Likitokea, fungua orodha ya programu zilizotumika karibuni, na mara nyingi utaikuta pale juu: tochi, kisafisha simu, kibodi yenye maua. Hiyo inaondolewa peke yake. Kuflashi kubaki kuwa hatua ya mwisho, kama kukata mguu, sina ugomvi nako.

Sehemu ya pili ya hukumu, ile ya kwamba mtu ameyataka mwenyewe, inaniudhi zaidi, kwa sababu ina sura ya busara. Inadhani kwamba watu hugusa Ruhusu kwa uzembe. Takwimu zinasema kinyume. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walipima jambo hili kuanzia tarehe 25 Desemba 2018 hadi tarehe 24 Januari 2019: maombi milioni 18 ya arifa yalionyeshwa kwa watumiaji wa toleo lao la majaribio, na yaliyokubaliwa hayakufika asilimia 3. Karibu asilimia 19 ya maombi hayo yalimfanya mtu aihame tovuti papo hapo. Umma unaosemwa kuwa mjinga ulikuwa unakataa, unakataa, na kukataa tena. Lakini mlaghai hahitaji ushindi mwingi. Anahitaji kidole kimoja, mara moja, kwenye simu moja, na baada ya hapo anaitumia ruhusa hiyo usiku na mchana. Mtu anayefungua tovuti kumi kwa siku anaombwa mara nyingi kwa mwezi, na makini yake inabidi ishinde kila mara. Hila ya mlaghai inatosha ishinde mara moja.

Na hila yenyewe si ndogo. Ukurasa unaonyesha mduara unaozunguka, na chini yake maandishi: gusa Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti, gusa Ruhusu ili video ianze, gusa Ruhusu upakue wimbo. Kisanduku kilichotengenezwa na kivinjari kinasema jambo moja, ukurasa uliokizunguka unakifasiri kuwa jambo jingine kabisa, na vyote viwili vinaonekana kwenye kioo kimoja, mara nyingi kwa Kiingereza. Watu wa ukanda wa dhahabu wasingepaswa kuhitaji maelezo marefu hapa. Wanajua kwamba leseni ya utafutaji wa madini haimpi mtu haki ya kuchimba. Mtu akija na karatasi ya kupima miamba, kisha akashusha karasha na kuanza kupasua mawe, hakuna mwanakijiji atakayeambiwa "lakini si ulisaini?" akanyamaza. Saini ilitolewa kwa jambo moja ikatumika kwa jambo jingine. Kidole kilichogusa Ruhusu ili kuthibitisha uanadamu wa mwenyewe hakikusaini kupokea mikopo ya riba za kuua na picha za uchi saa nane za usiku.

Hizo picha ndizo kinga kuu ya biashara hii. Kwa kuwa inaaminika kwamba arifa za namna hiyo huwafuata waliotembelea tovuti za ngono, mwalimu ambaye simu yake imeanza kuzionyesha haendi kuomba msaada. Anaificha, anaizima mbele ya mkewe, au anailipia iflashiwe haraka kabla mtoto hajaishika. Ndoa zimetikiswa kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Ukweli ni kwamba tovuti ya aina yoyote inaweza kuomba ruhusa, na zinazowinda zaidi ni zile zinazotembelewa na watu wote: za kupakua miziki, za mpira wa moja kwa moja, za muvi zilizoingizwa sauti ya Kiswahili, za matokeo ya mitihani zilizoigizwa. Matangazo yanayofuata hayana uhusiano na ulichokwenda kutafuta; ruhusa ikishapatikana huuzwa kwa mtangazaji yeyote anayelipa. Aibu inamfunga mdomo aliyetendewa, na aliyetenda anaendelea na kazi.

Wapo watakaosema kwamba matangazo ndiyo yanayolipia vitu vya bure, na kwamba msomaji wa Kharumwa asiye na uwezo wa kulipia gazeti la mtandaoni anapaswa kuvumilia. Nakubali nusu ya kwanza. Tangazo lililo ndani ya ukurasa ni kama bango kwenye ukuta wa duka. Umeingia, umeliona, umetoka. Arifa iliyopatikana kwa hila ni mwenye duka aliyekufuata nyumbani, akalala kibarazani kwako na kupiga hodi kila nusu saa, akitumia bando lako kupiga hodi hiyo. Wala hailipii uandishi wowote, maana tovuti nyingi za namna hii hazina mwandishi hata mmoja.

Basi nani alaumiwe? Walaghai, bila shaka, lakini walaghai hawana anwani. Wenye anwani ni wenye vivinjari, na wao nawashitaki kwa maneno yao wenyewe. Mei 2020 Google ilikiri kwamba maombi ya arifa yenye hila ni miongoni mwa malalamiko makubwa inayoyapokea kuhusu Chrome, na kwamba sehemu kubwa ya maombi hayo hutoka katika idadi ndogo ya tovuti. Ukijua kwamba wezi ni wachache na wote wanapita katika seva zako, huwezi kusimama pembeni ukasema mwenye nyumba angefunga mlango. Wala haikuwa kazi isiyowezekana. Januari 2020 Firefox toleo la 72 liliacha kumrushia mtu kisanduku usoni. Ombi likawa alama ndogo pembeni, mpaka mwenyewe aiguse. Apple haikuzipa tovuti nafasi hiyo kwenye iPhone hadi Machi 2023, na hata hapo ni kwa tovuti ambayo mtu ameiweka mwenyewe kwenye kioo chake cha mwanzo. Chrome nayo ilianza kuyanyamazisha baadhi ya maombi mwaka 2020, na Oktoba 2025 ikatangaza kwamba itazifuta yenyewe ruhusa za tovuti ambazo mtu hazitembelei tena, ikieleza kuwa arifa zinazojibiwa kwa namna yoyote hazifiki asilimia 1. Zaidi ya arifa 99 katika kila 100 hazikuwa na mtu aliyezijali, na mlango uliachwa wazi kwa miaka kumi. Kama hiyo si kasoro ya mlango, sijui mlango mbovu unafananaje.

Kuna jibu la mwisho, la wapenda semina: elimu kwa mtumiaji. Sipingi elimu, lakini nakumbuka dhahabu. Kwa miaka mingi wachimbaji wadogo walihubiriwa uzalendo ili wasiuze dhahabu kwa njia za panya, na dhahabu ikaendelea kupita gizani. Mwaka 2019 serikali ikabadilisha mlango wenyewe: iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi Machi soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Aliyekuwa akijificha akapata sababu ya kwenda kupima mchana. Mabadiliko hayo hayakutokana na wachimbaji kuwa watu wema zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Mlango wa sheria nao tunao, ila haujabishwa hodi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu ujumbe usioombwa, unapotumwa kwa nia ya kutenda kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa ahakikishe mhusika anajua zinakusanywa kwa lengo gani. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. "Thibitisha wewe si roboti" ni lengo la uongo lililotamkwa wazi kwenye kioo, na anwani ya kuifikia simu yangu, kwa hoja yangu, ni taarifa inayonihusu mimi. Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zilipozidi, mamlaka ya mawasiliano iliweka namba 15040 ya kuzipeleka. Arifa za kivinjari hazina namba yake. Tume iwaite wenye vivinjari wanaopata riziki kwa Watanzania, iwaulize kwa nini kisanduku cha ruhusa hakisemi kwa Kiswahili chepesi kwamba tovuti hii itakutumia ujumbe hata ukiifunga.

Wakati tunasubiri, neno langu ni kwa mafundi wa Kharumwa na wenzao. Lipisheni kazi hii, ni kazi halali, lakini ilipisheni kwa jina lake. Gusa vidoti vitatu vya Chrome, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Hapo kuna orodha ya kila tovuti iliyoruhusiwa. Mwonyeshe mwenye simu majina yale, mwache azuie mwenyewe moja baada ya jingine, na kabla hajaondoka izime kabisa ile swichi ya juu inayoziruhusu tovuti ziombe. Picha zake zitabaki, namba zitabaki, na atakuwa amewaona kwa macho yake waliokuwa wakimsumbua. Na kwa wale waliokwisha kuandika jina kwenye daftari la kuflashiwa kesho: kuwaruhusu wageni hawa kulihitaji mguso mmoja. Kuwafikia ili kuwatoa kunahitaji minne, na waliopanga hesabu hiyo hawako Nyang'hwale.